Usiukimbie utafiti, uulize maswali

"Daktari, damu ya mwanangu inakwenda wapi?"

Swali hili niliulizwa na mama mmoja aliyetoka upande wa Ganze, akiwa amempakata mtoto wake wa miaka miwili katika chumba changu cha matibabu hapa Malindi. Mtoto alikuwa na homa ya siku tano. Viganja vyake vilikuwa vimepauka na alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima. Sikuhitaji darubini kujua kwamba malaria ilikuwa imemmaliza damu.

Nilipomwuliza mama kwa nini alichelewa, alinieleza kuwa siku tatu kabla ya hapo alikuwa amefika katika kituo kimoja cha afya. Huko aliambiwa kuna utafiti unaoendelea na kwamba mtoto atatolewa damu kidogo. Alipouliza damu hiyo ni ya nini, akaambiwa atie kidole kwenye karatasi upesi kwani foleni ni ndefu. Hakutia kidole. Alimfunga mtoto mgongoni akarudi nyumbani, ambako nyanya wa mtoto, au hawe kama wasemavyo Wagiriama, alimsifu kwa kuwakimbia mumiani.

Nakiri kuwa nilikasirika. Nilimkaripia: "Mama, utampoteza mtoto kwa ajili ya kijiko kimoja cha damu?" Alininyamazia kwa muda, kisha ndipo akaniuliza swali lile. Sikuwa na jibu la maana. Niliandika barua ya rufaa, mtoto akakimbizwa hospitali, akaongezwa damu iliyotolewa na mtu asiyemjua, na baada ya siku kadhaa akarudi nyumbani akicheza. Lakini swali la mama yake halijaniondoka hata leo.

Msomaji mpendwa, makala haya ni jaribio langu la kumjibu mama yule, na kukujibu wewe pia, kwani huenda kesho ukaombwa damu, mkojo, namba ya simu au alama ya kidole kwa jina la sayansi.

Tangu enzi za mkoloni watu wa Pwani wamesimuliana habari za mumiani, yule anyonyaye damu za watu ili zikatengenezwe dawa. Ni rahisi kwa sisi tuliosoma kucheka. Lakini hofu ya mama yule haikuwa ujinga mtupu. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wa Tuskegee waliokuwa na kaswende walichunguzwa na madaktari wa serikali huku wakinyimwa tiba, hata baada ya penisilini kupatikana. Hawakuambiwa ukweli. Ni kwa sababu ya maovu kama hayo ndipo leo kuna sheria za ridhaa na kamati za maadili. Hivyo basi, anayeuliza damu yake inakwenda wapi anauliza swali ambalo sheria yenyewe ilitungwa ili lijibiwe.

Maoni yangu ni haya: kuukimbia utafiti ni kosa, na kutia kidole bila kuuliza ni kosa vile vile. Tutoe, lakini tuulize. Na tukishatoa, tudai jibu lirudi kwetu. Mwambao huu wetu, kutoka mji wa Kilifi hadi Ngomeni, una mifano ya kutosha ya jibu lililorudi, jibu lililochelewa na jibu lisilofika kabisa.

Moto wa Ngomeni

Nianze na mfano ambao wengi hawautarajii katika ukurasa wa afya. Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout ilifyatuliwa kutoka jukwaa la chuma la San Marco, lililosimamishwa na Wataliano baharini katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni. Ilibeba setilaiti ndogo. Marjorie Townsend wa shirika la anga la Marekani, NASA, aliyesimamia mradi huo, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini hapa kwetu? Kwanza, tuko karibu na Ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na kasi hiyo huisukuma roketi inayoelekea mashariki. Pili, mashariki yetu ni bahari tupu, na mabaki ya roketi hayamwangukii mtu.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo angani. Ni miale ya jamii ile ile tunayotumia hospitalini kupiga picha ya kifua au mfupa uliovunjika. Hewa huizuia isitufikie ardhini, na ni heri, kwani ingetudhuru. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kuiona hana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Uhuru kilikuwa chombo cha kwanza duniani kurushwa kwa kazi hiyo peke yake. Kiliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na kikasaidia kuonyesha kuwa kile kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, yaani mahali penye mvuto mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka. Riccardo Giacconi, mwanasayansi mkuu wa mradi huo, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Roketi ya mwisho iliondoka hapo mwaka 1988, lakini kituo cha nchi kavu kiliendelea kuzungumza na vyombo vilivyoko angani. Setilaiti ya Kitaliano na Kiholanzi, BeppoSAX, iliyorushwa mwaka 1996, ilikuwa ikiteremsha habari zake Malindi. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mng'ao uliobaki baada ya mlipuko wa miale ya gama, na ugunduzi huo ndio uliowafungulia wataalamu njia ya kuthibitisha kwamba milipuko hiyo hutokea mbali mno, katika makundi mengine ya nyota. Habari hiyo kubwa ilipitia kwetu, wakati wavuvi wetu wakivuta nyavu.

Sasa nakuuliza, msomaji: ni watoto wangapi wa Magarini na Malindi wanaojua hayo? Wanafunzi wanaokuja kwangu na kikohozi huniambia kuwa San Marco ni mahali pa Wataliano. Basi. Hawajui kwamba jina Uhuru limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote. Mwanga wa nyota ulipita ufukweni mwetu ukaenda zake, na jibu halikufika darasani. Kenya iliunda Shirika lake la Anga mwaka 2017, na setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Ilirushwa kutoka California.

Utasema, daktari, nyota zinanihusu nini mimi ninayetafuta dawa ya homa? Zinakuhusu. Vyombo vya angani havitazami juu tu, hutazama na chini. Mwishoni mwa mwaka 2006 wataalamu waliokuwa wakipima kwa setilaiti joto la bahari, mvua na ukijani wa nchi walitoa tahadhari kuwa homa ya Bonde la Ufa ingezuka katika Pembe ya Afrika. Tahadhari hiyo ilitangulia wiki mbili hadi sita kabla ya wagonjwa wa kwanza. Ugonjwa ulikuja kweli, ukapiga kaskazini mashariki na kuteremka Pwani, na zaidi ya watu 150 wakafa nchini Kenya. Onyo lilitoka juu kwa wakati, lakini onyo peke yake halichanji ng'ombe. Hapo ndipo sayansi inapoishia na serikali inapopaswa kuanza.

Neti iliyochelewa miaka kumi

Nije sasa kwenye damu. Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza, zilianzisha kituo cha utafiti katika hospitali ya wilaya ya Kilifi. Wakati huo malaria kali ilikuwa ikijaza wodi za watoto kila baada ya mvua.

Kati ya mwaka 1993 na 1995, vijiji vya Kilifi viligawanywa kwa kura. Baadhi vilipewa neti zilizotiwa dawa ya kuua mbu, vingine vikasubiri ili matokeo yalinganishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Palipokuwa na neti, vifo vya watoto vilipungua kwa takriban thuluthi moja, na watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Hayo ni matokeo ambayo daktari huyaona mara moja katika maisha yake.

Je, jibu lilirudi? Lilirudi, lakini kwa mwendo wa kobe. Kwa miaka mingi neti ziliendelea kuuzwa madukani na katika kliniki, na aliyezihitaji zaidi ndiye aliyekosa fedha za kuzinunua. Ni mwaka 2006 ndipo serikali ilipogawa bure neti zipatazo milioni 3.4 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Miaka kumi kamili! Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi walizaliwa na kuzikwa Kilifi katika miaka hiyo kumi, wakati jibu la kuwaokoa lilikuwa limeandikwa tayari, tena kutokana na vijiji vyao wenyewe.

Wakati mwingine jibu huja upesi zaidi. Chanjo ya kuzuia bakteria wa Hib, ambao husababisha homa ya uti wa mgongo na kichomi kwa watoto wachanga, iliingizwa katika chanjo za kawaida nchini mwaka 2001. Daftari za Kilifi zilionyesha kuwa katika muda wa miaka mitatu ugonjwa huo ulipungua kwa asilimia 88 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tuliweza kujua hivyo kwa sababu tangu mwaka 2000 wakazi wa eneo la kilomita 891 mraba kuzunguka Kilifi wameandikishwa, na waandikishaji huenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Kuna watu wanaochoshwa na maswali hayo. Nawaelewa. Lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na uhai ni mali kuliko mali zote.

Tazama pia chanjo ya malaria. Watoto wa Kilifi walishiriki katika majaribio ya chanjo ya RTS,S, na baadaye katika yale ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Kenya ilipoanza kutoa RTS,S mwaka 2019, ilianzia magharibi, kando ya Ziwa Victoria. Sisemi ilikuwa dhuluma, kwani malaria ya huko ni kali kuliko ya hapa, na dawa hupelekwa kwanza penye kidonda kikubwa. Lakini mzazi wa Kilifi ambaye mwanawe alichomwa sindano ya majaribio ana haki ya kuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuuliza: zamu yetu ni lini?

Nilivyosahihishwa

Nisije nikaonekana nawalaumu wengine tu. Nilipokuwa daktari mwanafunzi, nilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mapigo dhaifu ya moyo apewe dripu ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi. Vitabu vilisema hivyo, nasi tulifanya hivyo kwa moyo safi. Nilifungua mabomba ya dripu kwa mikono yangu mwenyewe usiku wa manane, nikiamini naokoa.

Kuanzia mwaka 2009 jambo hilo lilipimwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo. Utafiti huo, ulioitwa FEAST, uliwahusu watoto 3,141. Mwanzoni mwa mwaka 2011 ulisimamishwa kabla ya wakati. Kati ya watoto waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, asilimia 10.5 walikufa katika saa 48. Kati ya wale ambao hawakupewa maji hayo ya haraka, waliokufa walikuwa asilimia 7.3. Tofauti hiyo ni takriban watoto watatu katika kila mia.

Nilisoma habari hizo nikiwa nimeketi kitandani, na nilikaa kimya muda mrefu. Siwezi kujua ni nani kati ya wale niliowahudumia alidhurika. Najua tu kuwa mazoea yetu yalikuwa na makosa, na kwamba hakuna aliyeyaona hadi wazazi elfu tatu wa Afrika Mashariki walipokubali watoto wao wapimwe kwa utaratibu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ilikuja kusahihishwa mwaka 2016, miaka mitano baadaye.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Watoto wenye kuharisha na kupungukiwa na maji mwilini hawakuwemo katika utafiti huo. Mtoto anayeharisha bado anahitaji maji, chumvichumvi za kunywa, na dripu ikiwa daktari ataona hivyo. Usimnyime.

Msomaji, hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa mama wa Ganze. Damu ya mtoto inakwenda kutusahihisha sisi madaktari. Daktari asiyesahihishwa ni hatari kuliko mumiani.

Simu mfukoni

Siku hizi kuna kitu kingine tunachotoa bila hata kuombwa. Kila unapopiga simu, mnara wa karibu huandika kuwa simu yako ilikuwa hapo. Watafiti waliwahi kuchukua rekodi za simu za Wakenya wapatao milioni 15, za kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, majina yakiwa yameondolewa, wakazilinganisha na ramani ya malaria. Waliweza kuonyesha jinsi vimelea vinavyosafirishwa ndani ya damu za wasafiri, hasa kutoka upande wa Ziwa kuelekea Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Ni elimu yenye faida kubwa, kwani humwonyesha waziri mahali pa kupeleka dawa na neti. Lakini katika utafiti wa namna hiyo mwenye simu hapigiwi hodi. Damu yako itaombwa kwa sindano unayoiona. Nyendo zako huandikwa ukiwa umelala garini.

Simu hiyo hiyo inaweza kuleta manufaa ya waziwazi. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2011, wahudumu wa zahanati za vijijini Pwani na magharibi mwa Kenya walitumiwa ujumbe mfupi mara mbili kila siku ya kazi, kwa miezi sita, wa kuwakumbusha jinsi ya kutibu malaria kwa watoto. Idadi ya watoto waliotibiwa sawasawa iliongezeka kwa takriban 24 katika kila mia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma faida hiyo ilikuwa ingalipo. Hapakujengwa jengo wala kununuliwa mashine.

Hata hivyo, si kila anayetaka habari za mwili wako anataka kukuponya. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na kampuni ya Worldcoin, wakilipwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Ni ajabu ya dunia. Tunamkimbia anayeomba kijiko cha damu ili atafute tiba, kisha tunamkimbilia anayenunua macho yetu. Katika hali zote mbili, hatukuuliza.

Maswali matano

Hivyo basi, kata kipande hiki cha gazeti ukiweke pamoja na kadi ya kliniki. Utakapoombwa kushiriki utafiti wowote, wa damu, wa simu au wa alama za vidole, uliza hivi:

1. Mnatafuta nini, na kitamfaa nani? Asiyeweza kukueleza kwa Kiswahili chepesi hajawa tayari kukuomba.

2. Nitafanyiwa nini zaidi ya matibabu ya kawaida? Uelezwe kiasi cha damu, idadi ya sindano na madhara yanayoweza kutokea.

3. Nikikataa leo, au nikijitoa kesho, nitaendelea kutibiwa? Jibu lazima liwe ndiyo. Likiwa jingine, ondoka uende ukaripoti.

4. Damu yangu na habari zangu zitawekwa wapi, kwa muda gani, na je, zitapelekwa ng'ambo au kutumiwa kwa jambo jingine? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, nawe unayo haki ya kujua.

5. Nani ameidhinisha utafiti huu, na jibu litarudi kwetu lini? Kila utafiti wa haki una kibali cha kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Omba kuviona.

Jambo moja zaidi, na tafadhali usilisahau. Mtoto mwenye homa aliyepauka viganja, anayehema kwa shida, anayeshikwa na degedege au asiyeweza kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, utafiti uwepo usiwepo. Unaweza kukataa utafiti na ukabaki kwenye foleni ya matibabu. Hilo ndilo mama wa Ganze hakuambiwa.

Kwa wakubwa nina ombi fupi. Pale Kilifi kuna utaratibu mzuri wa wawakilishi wa jamii wanaokutana na watafiti na kuwapelekea maoni ya vijiji. Na uenezwe kwa kila anayefanya utafiti katika kaunti, awe wa damu, wa samaki, wa simu au wa anga. Matokeo ya kila utafiti yasomwe barazani kwa Kiswahili na kwa lugha za Wamijikenda, na yabandikwe ukutani katika zahanati pamoja na jibu la swali hili: serikali ya kaunti itafanya nini kutokana na haya, na kwa fedha zipi? Na watoto wa shule wapelekwe Ngomeni wakaone mahali ambapo Uhuru iliondokea. Daktari au mwanaanga wa kesho huenda yuko pale Marereni akichota maji.

Kwa madaktari wenzangu na wauguzi: dakika tano za kueleza si kupoteza muda. Mimi nilimkaripia mgonjwa aliyekuwa na haki, na foleni yangu haikwenda kasi zaidi kwa sababu hiyo.

Mama yule alirudi baada ya wiki mbili kuniletea mtoto nimtazame. Safari hii nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikamweleza habari za neti, za dripu na za chanjo, na jinsi kijiko kimoja cha damu kinavyoweza kumfundisha daktari asiyemjua mtoto wake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wangeniambia hivyo," alisema, "ningewapa."